Kuchora ramani za nyumba: niende kwa mjomba Marekani ama nianzie hapa?

Swali limeniingia juzi kutoka kwa msichana wa Langoni, kwetu Lamu. Nalifupisha maana lilikuwa refu na lilikuwa na mambo ya nyumbani kwao yasiyotuhusu. Asema: "Shikamoo ami, nimemaliza fomu foo mwaka jana nikapata C plain, hesabu C plus, fizikia C. Tangu udogo napenda majumba, nachora chora tu kwenye daftari. Mjomba wangu yuko Marekani aniambia kule kuna vyuo vya jamii, miaka miwili wasoma arkitekcha na kuchora ramani kwa kompyuta, ukimaliza wewe ni arkitekti, tena hawataki gredi kubwa. Mama ataka niende Mombasa nikafanye diploma. Baba acheka tu, asema nyumba za Lamu zilijengwa na watu ambao hawajawahi kushika penseli. Nimsikize nani?"

Marahaba mwanangu. Msikize baba kwanza, halafu mama, mjomba mwisho, na si kwamba mjomba ni muongo, nitakueleza.

Jibu la haraka ndio hili: ukimaliza miaka miwili ya chuo cha jamii kule hutoki arkitekti, na ukimaliza diploma Mombasa pia hutoki arkitekti, kote kuwili watoka mchoraji ramani, ama fundi sanifu kama wapenda jina zito, yaani mtu anaejua kuichukua nyumba iliyo kichwani mwa mwenyewe akaiweka kwenye karatasi ambayo mwashi aweza kuisoma na kuijenga bila kukupigia simu kila saa. Kazi hio ndio imenilisha mimi miaka ishirini na kitu hapa Malindi na huko kwetu, kwa hivo sina la kuidharau. Lakini ukipanda dau ukiambiwa laenda Mombasa na lenyewe laenda Kipungani tu, papo hapo Lamu, utalia njiani, na hilo ndilo naona likiwapata watoto wengi.

Neno arkitekti hapa Kenya lina sheria yake, Cap 525, na lina bodi yake, BORAQS, na ukijiita arkitekti hujasajiliwa na wao ni kosa, hata kama wachora vizuri kuliko wao. Ili usajiliwe wataka digrii ya arkitekcha, ambayo ni kama miaka sita kwa vyuo kama Nairobi na JKUAT, kisha wafanya kazi chini ya mtu aliesajiliwa, kisha mitihani ya bodi. Digrii yoyote kwa kuanzia ni C plus, na hio ya arkitekcha huwa yataka zaidi ya hapo, kwa hivo kwa C plain yako mlango huo wa mbele umefungwa. Wa ubavuni uko wazi kabisa: diploma yataka C minus, cheti cha ufundi D plain, na kuna vyuo vikuu humpokea mtu wa diploma akiwa amepita vizuri. Njia ndefu lakini ni njia, nami najua watu walioipita.

Sasa baba yako. Naona mmemfanya mtu wa kale asiejua kitu, na mimi naona kasema jambo kubwa ila kalikata katikati. Wale mafundi hawakushika penseli kwa sababu hawakuihitaji, ramani walikuwa nayo wote kichwani na ilikuwa moja. Mtu wa Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, akisema ataka nyumba hakuna wa kumuuliza chumba kiwe wapi, kila mtu ajua: waingia daka, yaani ukumbi wa mlangoni, wapita tekani, ukumbi wa pili, wakata kona ili wa njiani asione ndani, watokea kiwanda, yaani ua, kisha kumbi mbili ndefu, msana wa tini na msana wa yuu, kisha chumba cha ndani, na nyumba kati kule nyuma ambako watu walizaliwa na walikooshewa wakifa. Upana wa chumba nao hakuna aliekaa chini akaufikiria, boriti ndio iliyoamua. Mti wa mkoko wabeba dari ya mawe na chokaa kwa mita mbili na nusu hivi, tatu ukijitahidi, ukizidisha wapinda, na ndio maana vyumba vya Lamu ni virefu vyembamba kama jahazi. Watalii huambiwa ni urembo. Si urembo, ni mti umekataa.

Mwenye nyumba, mwashi, alietoma chokaa, seremala wa mlango, wote watu wa mji mmoja wenye mazoea mamoja. Karatasi ya nini?

Karatasi yaja pale watu hawana tena mazoea mamoja. Njoo hapa Malindi uone, mwenye villa yuko Milano, injinia yuko Nyali, mwashi katoka Ganze, mawe yatoka machimboni, afisa wa kaunti hajawahi kumuona yeyote katika hao, na wote inabidi waijenge nyumba moja. Hao hawana lugha ya kuelewana ila ile ramani. Kwa hivo mimi huwaambia vijana wanaokuja ofisini kwa atachmenti, yaani kujifunza kazi, ramani ni barua, na swali la kwanza kabla hujashika kalamu ni barua hii yaenda kwa nani. Fundi gani ataisoma? Ana vifaa gani? Ukijua hilo hata swali lako la Marekani na Mombasa laanza kujijibu.

Nikupe kisa cha aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, cheti bado chanuka wino, ofisi niliyokuwa nikifanya ikapata kazi ya kubadilisha dari ya nyumba ya zamani Mkomani, nikatumwa na tepu. Nikapima ndani upande wa karibu na mlango, mita 2.55, nikaandika, nikapima urefu, nikaenda zangu kunywa kahawa. Nikachora chumba pembe nne zimenyooka kama boksi la viatu, kizuri, nilikipenda mwenyewe. Boriti zikaagizwa zikakatwa mita 2.95, yaani sentimita 20 ziingie ukutani kila upande. Siku ya kuzipandisha tunafika ule mwisho mwingine wa chumba, upana ni 2.72. Piga hesabu wewe, boriti yalala ukutani sentimita 11 na nusu tu kila upande, na juu yake yaja mawe na chokaa na watu na vitanda vyao. Fundi, mzee wa watu, akaitazama karatasi yangu, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, hunu ukuta umeupima au umeuota?" Zile boriti zikaishia kuuzwa kwa bei ya hasara kwa mtu aliekuwa ajenga banda la punda, na mimi kwa mwezi mzima nikiingia barazani naulizwa habari za ndoto.

Nyumba za zamani hakuna iliyonyooka, hilo baba yako alijua kwa macho na mimi mwenye diploma sikujua. Kwa hivo chumba chapimwa pande zote nne na kona kwa kona mara mbili. Chumba cha mita 6.80 kwa 2.60 pembe zake zikiwa zimenyooka kweli, kona kwa kona ni 7.28 zote mbili. Ukipata moja 7.35 na nyengine 7.21, chumba chako kimelala upande, na wakichora hivo hivo kilivolala, usikinyooshe kwa kukionea huruma.

Haya, mjomba. Vyuo vya jamii vya Marekani ni kitu kizuri, nisije nikaonekana navisema vibaya. Ni vya serikali za kule, bei yao ni rahisi kuliko vyuo vikuu, vingi vyapokea karibu kila aliemaliza sekondari ilimradi Kiingereza chako chatosha, darasani wapata mama wa watoto wanne kakaa karibu na kijana wa miaka 18, na walimu wa kuchora mara nyingi ni watu waliofanya ama bado wafanya kazi hio maofisini. Hapo mjomba yuko sawa. Panapomponyoka ni kwamba ndani ya chuo kimoja huwa kuna kozi mbili zafanana jina na zaenda pande mbili mbali mbali. Moja ni ya kazi, wenyewe waiita Associate of Applied Science, karibu krediti 60, yaani hesabu ya masomo uliyopita, wasoma kuchora, programu za kompyuta, vifaa vya ujenzi, sheria za ujenzi za kule, watoka waenda kutafuta kazi ofisini. Nyengine ni ya kuhamia chuo kikuu, wasoma hesabu, fizikia, historia ya majengo, na studio, yaani darasa la kubuni majengo kwa michoro. Ukiingia ile ya kwanza ukidhani ni ya pili, ukifika chuo kikuu waambiwa krediti nyingi hatuzitambui, anza. Hata ile ya pili, chuo kikuu chaweza kukubali masomo yako yote ya darasani kisha kwa studio wakatazama michoro yako wakasema huyu arudi studio ya mwaka wa kwanza. Studio ni ngazi, yapandwa moja moja, huwezi kuruka. Kwa hivo ile miaka miwili ya mjomba kwa mtu anaetaka uarkitekti yakuwa miwili na mitatu ama minne juu yake, maana digrii inayotambuliwa kule ile ya moja kwa moja ni miaka mitano, na yatakiwa iwe imepasishwa na NAAB, bodi yao ya kukagua kozi za arkitekcha. Baada ya hapo kuna saa 3,740 za kazi za kuandikwa moja moja, na mitihani sita. Kuna majimbo humruhusu mtu afike bila hio digrii, lakini hulipia kwa miaka mingi ya kazi, na mwenye viza ya mwanafunzi miaka hio ataitoa wapi?

Swali la kumuuliza mjomba ni moja: hicho chuo kina mkataba wa kuhamisha krediti za arkitekcha na chuo kikuu kipi, kwa jina, na studio zahesabiwa ngapi. Akupe karatasi, asikupe maneno. Akikosa karatasi mshukuru ukae.

Na pesa. Ule urahisi wa vyuo vya jamii ni wa wakaazi wa jimbo lile, mwanafunzi wa viza hutozwa mara kadhaa zaidi, na kukaa nyumbani kwa mjomba hakukufanyi mkaazi. Viza yenyewe ya F-1 yataka uonyeshe pesa ya mwaka mzima ziko, usome krediti 12 kila muhula usipungue, kazi mwaka wa kwanza ni ndani ya chuo tu na mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mkopo wa serikali ya kule wewe hupati. Ukimaliza waruhusiwa kufanya kazi ya fani yako miezi 12, basi. Na usije ukaambiwa mjomba atakufanyia karatasi za kukaa, kwa sheria yao mjomba hana fungu la mpwa. Kama mjomba kweli ataka kulipa yote na ana nia safi, alhamdulillahi, lakini mkae mupige hesabu ya miaka mitano sio miwili.

Kuna jambo jengine ambalo hakuna anaelisema na mimi ndio laniuma zaidi. Barua ya kule yaandikwa kwa fundi wa kule. Nyumba ya kawaida utakayofunzwa kuchora ni ya mbao, nguzo ndogo ndogo zapangwa kila inchi 16, katikati wajaza vitu vya kuzuia baridi, ndani wapiga mbao za jasi, paa lahesabiwa theluji. Vipimo ni futi na inchi, skeli yao ya nyumba, yaani kiasi mchoro unavopunguzwa, ni robo inchi kwa futi, ambayo ukiigeuza yatoka moja kwa 48, karibu na 50 yetu lakini si 50. Yote hayo ni elimu, na ubongo uliojifunza kuchora ukuta wa mbao waweza kujifunza kuchora ukuta wa mawe wa nusu mita, sikatai. Lakini nimewaona waliorudi. Kijana katoka huko na komputa lake, mistari safi kama wembe, nikampa nyumba ya Shela aichore, akanichorea ukuta wa nje sentimita 10. Nikamuuliza huu ni ukuta ama pazia. Ilimchukua karibu mwaka kuzoea kwamba hapa jua ndio adui na baridi ni mgeni, kwamba dirisha kubwa la kioo upande wa magharibi ni kumpikia mtu chumbani, kwamba makuti yataka mteremko mkali karibu nyuzi 45 la sivyo maji yalala humo na paa laoza. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini ngamani kwenyewe kuna maji ya kufua, si kwamba warudi ukae.

Kwa hivo kama nia yako ni kufanya kazi Marekani, somea Marekani. Kama wajiona ukifanya kazi Lamu, Malindi, Mombasa, anzia hapa, kisha ukiwa na diploma na michoro ya kuonyesha, Marekani ama popote hapajahama.

Njia ya mama basi. Diploma ya arkitekcha hapa ni miaka miwili mpaka mitatu kulingana na mtaala, maombi ya vyuo vya serikali yapitia KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, na HELB wana mkopo wa watu wa vyuo vya ufundi, mwambie mama asiuze kitu kwanza. Utasoma kuchora kwa mkono, kuchora kwa kompyuta, teknolojia ya ujenzi, vifaa, upimaji, kidogo cha mambo ya injinia, kukadiria gharama, na atachmenti ambayo ni lazima. Nakwambia ukweli, ubora wa vyuo watofautiana kuliko vyeti vyao, kwa hivo usichague kwa tangazo. Kwanza hakikisha chuo kina kibali cha TVETA, wasimamizi wa vyuo vya ufundi, na hio kozi yenyewe imo kwenye kibali, maana chuo chaweza kuwa na kibali cha upishi kikakufunza arkitekcha. Uliza mtihani wa mwisho ni wa nani. Kisha nenda mwenyewe siku ya kazi, omba uone chumba cha kuchorea. Mbao za kuchorea kama zimepangiwa viti juu na vumbi, umeshajibiwa. Uliza kompyuta zinazowaka ni ngapi na wanafunzi ni wangapi. Omba uone kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, sio zilizobandikwa ukutani kwa wageni, zile zilizoko kabatini. Tazama kama kuna seksheni, yaani mchoro wa nyumba kama imekatwa wima, iliyochorwa mpaka msingi, pale ukuta unapokutana na sakafu na pale paa linapokaa juu ya ringi bimu, ule mkanda wa zege juu ya kuta, kwa sababu ramani ya juu kila mtu huchora, ni kwenye seksheni ndio wajua mwalimu afunza kujenga ama afunza kupamba.

Wengine wataniuliza mbona bado mkono, dunia iko kwenye kompyuta. AutoCAD iko tangu 1982 na siku hizi watu wahamia Revit na ArchiCAD ambazo huchori mistari, wajenga nyumba nzima ndani ya mashine kisha yenyewe yakutolea ramani na seksheni. Lazima uzijue, hakuna ofisi itakuchukua bila hizo. Lakini kompyuta haikatazi upuuzi. Yakubali uchore mlango wa milimita 200 na ikuchoree vizuri kabisa. Kwenye karatasi mkono wakataa wenyewe, kwa sababu umeshajua moja kwa 50 milimita moja ni sentimita tano, na mlango wa milimita nne waonekana wazi ni wa paka. Miezi sita ya mwanzo na rula za kuchorea, tii-skwea na seti skwea, penseli ya 2H ya kuanzia na HB ya kukolezea, itakufunza pia uzito wa mistari, ambao kwenye kompyuta watu huusahau wakatoa karatasi yote kijivu: kilichokatwa ni kinene, kinachoonekana kwa mbali ni chembamba, kilichojificha ni vidoti. Fundi akiwa juani na karatasi imeroa jasho, huo unene ndio unamwambia ukuta ni upi na kabati ni lipi.

Za kompyuta usinunue, Autodesk huwapa wanafunzi bure mwaka mmoja mmoja ukionyesha wasoma, na kabla hujaingia chuo kuna LibreCAD ya bure kabisa, yatosha kujifunza mistari na leya, yaani tabaka za mchoro. Laptopu usikimbilie, ila siku ya kununua jua kwamba Revit ni ya Windows tu na yapenda RAM ya GB 16. Ile ya fundi simu wa mtaani ya RAM 4 itakufia mikononi siku ya kutoa asainmenti.

Kuhusu kazi, maana najua baba atauliza. Mchoraji wa diploma hapa pwani hufanya kwa arkitekti, kwa kontrakta, kwa kaunti, ama ajitegemea. Kujitegemea kuna mpaka wake uujue mapema: ramani ya kupeleka kaunti yataka muhuri wa arkitekti aliesajiliwa, na ya nguzo na slabu yataka injinia, kwa hivo wewe wachora, wao wapitia wapiga muhuri na jukumu ni lao. Kuna wanaouza muhuri bila kutazama, jiepushe nao, nyumba ikianguka mutatafutwa nyote. Na kwenu Lamu kuna kazi ambayo Nairobi hawana, ule mji wa kale ulitangazwa kuhifadhiwa mwaka 1986 na UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia 2001, kwa hivo ukarabati hauendi kaunti peke yake, na watu wa makumbusho nao wataka waone michoro ya nyumba ilivo kabla ya kuguswa. Nani aichore? Anaejua tekani ni nini na aweza kuipima. Wako wachache kuliko unavodhani, na wanawake ni wachache zaidi, wakati nyumba nyengine fundi mwanamume huzuiliwa msanani mpaka watu wajifunike, wewe waingia tu na tepu yako wapewa na chai.

Sasa usikae ukingoje majibu ya KUCCPS. Bibi yako kama ana nyumba ya mawe, na naamini anayo, nenda Jumamosi na tepu ya mita tano, ubao wa kuegemea, karatasi, na mdogo wako wa kushika ncha ya tepu. Kabla ya kupima chochote chora chumba cha ndani kwa mkono bila rula, kikubwa kijaze karatasi, ndio uanze kuandika vipimo juu yake. Anza kona moja zunguka, usiinue tepu kila mara ukaanza upya, iweke kona usome mlango waanzia wapi waishia wapi dirisha laanzia wapi, kwa sababu ukipima vipande vipande makosa madogo madogo yajumlishana. Pima unene wa ukuta pale mlangoni. Hesabu boriti, andika ni ngapi na zimeachana kiasi gani. Ukirudi nyumbani chora moja kwa 50, chumba cha mita 6.80 kwa 2.60 chakuwa milimita 136 kwa 52, chakaa kwenye karatasi ya A3 na nafasi yabaki tele, nyumba yote ya mita 14 kwa 11 pia yaingia.

Utakwama kwenye zidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vitu, nakwambia mapema. Ramani ya juu huwa kama umeikata nyumba kwa msumeno mita moja na kidogo kutoka sakafuni ukatazama chini, kwa hivo zidaka zilizo juu ya hapo hazionekani na zilizo hapo zaonekana kama mashimo tu. Ule ukuta wachorewa karatasi yake peke yake, kama umesimama mbele yake, safu kwa safu. Usikisie kwamba zidaka zote ni sawa, pima kila kimoja, kwa kawaida za chini na za juu hazilingani na hapo ndipo utaona yule fundi asieshika penseli alikuwa afanya nini. Mwite baba akusaidie hio, akianza kucheka mpe ashike tepu.

Ukimaliza nitumie picha ya ule mchoro wa mkono wenye vipimo, sio ule msafi. Na uniandikie kona kwa kona zote mbili.